Kabla hujamlipia mwanao kozi ya kompyuta, msikilize kaka yangu

Desemba iliyopita mdogo wangu wa mwisho alinifuata jikoni nyumbani kwetu Morogoro. Amemaliza kidato cha sita na anataka kujifunza kutengeneza aplikesheni za simu.

“Dada, nisaidie kumwambia baba. Kozi ni laki nane.”

Laki nane ni hela nyingi kwa wazazi wastaafu. Lakini kilichonishtua zaidi ni kwamba kaka yetu mkubwa alikuwa amekaa sebuleni, na kwetu maneno “kozi ya kompyuta” hayatajwi mbele yake.

Mwaka 2010, nikiwa bado shule ya msingi, baba aliuza ng’ombe wawili ili kaka akasome miezi tisa katika chuo kimoja Dar es Salaam. Alisomea Flash. Huenda hulikumbuki jina hilo, lakini kama miaka ile ulifungua tovuti yenye picha zinazocheza, au ulimwona mtoto akicheza gemu kwenye intaneti kafe, kuna uwezekano mkubwa uliiona kazi ya Flash. Likizo moja kaka alituonyesha jogoo aliyemchora mwenyewe. Ukimbonyeza kwa mausi, anawika. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Miaka miwili baadaye biashara ilikuwa imekufa. Kaka aliitengenezea tovuti nyumba moja ya wageni, wateja wakawa wakiifungua kwenye simu wanaona boksi tupu. Mwenye nyumba akadai hela yake. Mteja wa pili naye akadai. Kaka akaachana na kompyuta, akaanza kuuza vipuri vya pikipiki, kazi anayoifanya hadi leo.

Sisi nyumbani tulishatoa hukumu: hakusoma, alikuwa anakula bata mjini. “Amekula ng’ombe wa baba.” Hata mimi nimelisema neno hilo, tena mbele yake, siku ya sherehe yangu ya kuhitimu chuo kikuu. Nilisema kwa utani, lakini wote tulijua si utani.

Nilimwomba mdogo wangu anipe siku chache. Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Dawa mpya ikija, huwa nauliza: nani ameitengeneza, inafanyaje kazi, na ile ya zamani imeondolewa kwa nini? Safari hii niliuliza maswali hayo hayo kuhusu kompyuta.

Nilichokisoma kilinitoa jasho. Aprili 2010, mwaka ule ule baba aliouza ng’ombe, Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, aliandika barua ya wazi kueleza kwa nini Flash haitaingia kwenye iPhone. Alisema inakula betri, ina matatizo ya usalama, na ilitengenezwa kwa ajili ya mausi wakati simu hizi zinaguswa kwa kidole. Novemba 2011, kampuni ya Adobe, wenye Flash yao, ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena kwenye vivinjari vya simu. Tarehe 31 Desemba 2020 ikaacha kuihudumia kabisa.

Kumbe lile boksi tupu halikuwa uvivu wa kaka. Watu walihamia kwenye simu, na chombo alichofundishwa hakikuhama nao. Chuo kilichukua ada bila kumwambia.

Sasa mdogo wangu alikuwa kwenye njia panda nyingine. Rafiki zake wamegawanyika kama Simba na Yanga: hawa wanamwambia asome Flutter, wale React Native. Zote zinafanya jambo moja la maana: unaandika programu mara moja, inatumika kwenye simu za Android na kwenye iPhone, badala ya kuandika mara mbili. React Native ilitolewa na Facebook mwaka 2015 na inatumia lugha ya JavaScript. Flutter ni ya Google, toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018, na inatumia lugha inayoitwa Dart. Zote ni nzuri na zote zina kazi. Ipi itakuwepo baada ya miaka kumi? Hakuna mwalimu anayeweza kukuapia.

Jioni tulikaa wote. Nilieleza niliyoyasoma, kaka akiwa kimya. Mama, ambaye ni muuguzi mstaafu, ndiye aliyetufungua macho.

“Nilipoanza kazi tulitibu malaria kwa klorokwini,” alisema. “Mwaka 2001 wakaiondoa, vimelea walishaizoea. Ikaja SP. Mwaka 2006 wakaamua tuhamie dawa ya mseto. Mara zote mbili sikufukuzwa kazi, kwa sababu mimi sikusomea klorokwini. Nilisomea uuguzi.”

Basi tukaacha kuuliza Flutter au React Native. Tukauliza: uuguzi wa kompyuta ni upi? Jibu linafahamika. Ni HTML na CSS, zinazopanga na kupamba ukurasa, na JavaScript, inayoufanya ukurasa uitikie unapoguswa. JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 na bado iko ndani ya kila kivinjari. Anayeielewa vizuri anaweza kwenda React Native bila shida, na hata Dart hatakutana nayo kama mgeni kabisa. Pia anaweza kutengeneza tovuti inayofunguka kwenye simu bila mtu kupakua chochote, jambo zuri kwa sisi tunaohesabu bando.

Mdogo wangu alifungua somo la kwanza la JavaScript kwenye simu. Kaka akasogea, akasoma kidogo, akasema taratibu, “Haya mbona nayajua.”

Ni kweli. Lugha iliyokuwa ndani ya Flash, ActionScript, na JavaScript ni ndugu. Zimejengwa juu ya msingi mmoja. Alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia avuke ng’ambo. Badala yake alitupata sisi, tukimhesabia ng’ombe.

Nilimwomba radhi pale pale. Baba hakusema kitu, ila usiku ule alimwita kaka nje, wakakaa muda mrefu.

Mzazi, kabla hujatoa hela, nenda chuoni na mwanao na muulize mwalimu mambo matatu. Je, kozi inaanza na msingi au inarukia chombo kimoja? Chombo hicho kikifa kesho, mwanangu atabaki na nini? Je, kazi za wanafunzi waliopita zinafunguka kwenye simu yangu hii? Akikwepa, rudi na hela yako. Na kama kuna kijana nyumbani ambaye kozi yake “haikuzaa”, muulize kilichotokea kabla hujamhukumu.

Mdogo wangu alianza kozi ya msingi ya miezi mitatu, ada chini ya nusu ya ile laki nane. Jumamosi kaka hufunga duka mapema wakasoma pamoja. Wiki iliyopita walinitumia kiungo. Nilipokifungua, nikamkuta jogoo. Nikamgusa kwa kidole, akawika.