Irabu Tano

Nikiwa mwanafunzi hapa Bukavu nilisoma neno la Kifaransa "rue" nikatamka "ri". Irabu ile haimo katika Kiswahili. Ulimi wangu uliazima iliyo jirani. Darasa lilicheka, nami kwa muda mrefu sikusoma tena kwa sauti.

Baadaye, katika kwaya ya parokia, mwalimu alituimbisha "Amina" kwa irabu tupu: a, i, a. Penye irabu pumzi hupita bila kizuizi, na sauti huweza kurefuka. Nilisikia yangu ikifika nyuma ya kanisa. Irabu zetu tano zilinirudishia ujasiri wa kujifunza zile ngeni.

Msomaji akikosea Jumapili, tusimcheke. Ulimi hujifunza polepole. Aibu hufunga kinywa mara moja.