Nilivyolichora jahazi la Baba kabla halijauzwa

Ikiwa uliwahi kuchora ng'ombe darasani na mwalimu akakuuliza kama huyo ni ng'ombe au ni meza, basi utaielewa hali yangu. Mimi sikujaliwa mkono wa kuchora. Hata hivyo, Julai mwaka jana nilijikuta nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa ufuoni Matondoni, kisiwani Lamu, brashi mkononi, nikipambana na jahazi la Baba kwa rangi za mafuta.

Chanzo chake ni simu ya kaka yangu mwezi wa Aprili. Alisema Baba ameamua kuliuza jahazi ifikapo mwisho wa Julai. Jicho lake moja limeingia mtoto wa jicho, magoti hayamtii, na mnunuzi amepatikana, mtu wa watalii, ambaye atalitia injini na viti vya mito. Jahazi lenyewe ni dogo, lakini ndilo lililotusomesha. Lilichukua boriti za mikoko, chokaa na mawe ya kujengea. Kaka zangu walipanda wakajifunza kazi. Mimi, kwa kuwa ni msichana, nilibaki ufuoni na Mama, nikisubiri tanga litokeze.

Utaniuliza kwa nini nisipige picha kwa simu yamalizike. Ninazo, zaidi ya themanini. Zote nilizipiga haraka haraka nikiwa likizoni, na hakuna hata moja niliyowahi kuitazama mara mbili.

Basi nikamtafuta mchoraji mmoja hapa Nairobi aliyekubali kunifundisha kila Jumamosi. Mume wangu alipoona bei ya tyubu moja ya rangi nyeupe alinyamaza kama mtu aliyefiwa. Kumbe hiyo tyubu ndiyo iliyowatoa wachoraji nje. Zamani rangi iliwekwa ndani ya kibofu cha nguruwe, hadi mwaka 1841 Mmarekani aitwaye John Goffe Rand aliposajili tyubu ya bati. Baadaye, katika miaka ya 1870, Mfaransa Claude Monet aliigeuza mashua kuwa chumba cha kuchorea, akawa anaelea mtoni Seine huku akichora mashua za wenzake. Mimi nilikuwa na ndoo.

Mwalimu wangu alinipa mambo machache tu. Nisinunue rangi ishirini, tano zatosha: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu, buluu na kahawia. Nyeusi nichanganye mwenyewe kutokana na buluu na kahawia. Nianze na rangi nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha nipande polepole kwenye rangi yenye mafuta mengi. Ukigeuza mpango huo rangi ya juu hupasuka. Nifumbe macho nusu, nione vivuli vikubwa kabla ya kuona misumari. Tena matambara yaliyolowa mafuta ya kitani nisiyarundike pamoja, maana huweza kujiwasha moto yenyewe. Hilo la mwisho nilidhani ananitisha, lakini ni kweli, na ukiwa na watoto nyumbani ulikumbuke.

Jambo ambalo hakunifundisha ni bahari. Yeye ni mtu wa bara.

Siku ya kwanza nilianza saa moja asubuhi. Maji yalikuwa yamejaa, na jahazi lilielea wima, limetulia. Nikachora omo, nikachora ubavu, nikaridhika. Nilipofikia tezi, saa tatu na nusu, maji yalikuwa yamekupwa na jahazi limelala ubavu kwenye tope. Bila kujua niliendelea kuchora nilichokiona. Picha ikawa ya chombo ambacho mbele kinaelea na nyuma kimekwama. Watoto waliokuwa wamenizunguka walicheka hadi wakakaa chini. Nikajiambia kesho nitarudi saa ile ile, nikasahau nilichokijua tangu utotoni, kwamba maji huchelewa kwa kadiri ya dakika hamsini kila siku. Kuupata mjao ule ule kwenye mwanga ule ule kungenihitaji kungoja yapata wiki mbili. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano nikachukua kibao kipya. Safari hii nililitia tanga kwa kubuni, kwani jahazi bila tanga nililiona kama kuku aliyenyonyolewa. Kusi ilikuwa inavuma kwa nguvu na mchanga ukinata kwenye rangi. Alasiri Baba akaja na mkongojo wake. Alikitwaa kibao, akakileta karibu na lile jicho lake zima, akakigeuza kuelekea jua.

"Mwanangu, upepo wako huu watoka wapi?"

Nikamwambia ni kusi.

"Mnazi wasema kusi. Tanga lasema kaskazi. Nahodha wako amekwisha kufa maji."

Ama kwa hakika niliona haya. Lakini Baba hakwenda zake. Aliketi mchangani, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, akaanza kuninyoshea mkongojo. Ule ni mkuku. Ile ni foromali, nayo haikai katikati ya mlingoti kama ulivyoiweka. Joshini ni upande unakotoka upepo, demani ni ule wa pili. Mambo haya kaka zangu waliyajua wakiwa na miaka kumi. Mimi nina miaka thelathini na sita, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza baba yangu kunifundisha chombo.

Ubavuni kulikuwa na mstari niliokuwa nimeupaka buluu, nikidhani ni kivuli. Baba akasema la, huo ni ubao mwingine. Usiku mmoja waligonga mwamba, maji yakaingia, wakatupa nusu ya shehena baharini. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka Mama hakulala, lakini hakuna aliyewahi kunieleza sababu. Nikaukwangua mstari ule kwa kisu na kuchanganya kahawia na manjano mpaka Baba akasema, "Hapo."

Alinusa mafuta yangu ya kitani akakunja uso. Mafuta gani hayanuki? Jahazi, alisema, hupakwa sifa ya papa, na fundi hutia kalafati ya pamba kwenye nafasi za mbao. Nilimwambia hata mafuta yangu yana kazi yake, nami nikajua ninajitetea tu.

Alhamisi na Ijumaa nilichora jahazi lililolala topeni, bila tanga, maji yakiwa yamekupwa, kwani hilo ndilo nililoweza kuliona. Baba alikuwa ameketi kando yangu. Ijumaa jioni, nilipodhani nimemaliza, aliuliza, "Macho yake yako wapi?"

Omoni, kila upande, majahazi ya kwetu huwekwa jicho la mviringo. La jahazi letu lilikuwa limechujuka kiasi kwamba sikulitia maanani. Nikamnyoshea Baba brashi. Alikataa, kisha akaichukua. Mkono ulimtetemeka. Alichota rangi nyeupe nyingi mno, ile ya bei iliyomnyamazisha mume wangu, akaibandika omoni. Haikuwa mviringo. Nilitaka kuirekebisha, nikajizuia.

Jumamosi mnunuzi alikuja na mashua yenye injini akalivuta jahazi maji yalipojaa. Baba hakushuka ufuoni. Alisema ana usingizi.

Picha hiyo niliiacha kwake, kwani ilikuwa mbichi na yeye hakutaka iondoke. Nilirudi na ile ya Jumanne, yenye jahazi linaloelea nusu. Njiani kuelekea mjini Lamu bibi mmoja aliyeketi karibu nami aliondoka na sehemu ya anga kwenye buibui lake, tukaombana radhi mara kadhaa. Kaka yangu huniambia kwamba kila asubuhi Baba huenda dirishani kuigusa picha kwa kidole. Mwezi wa Septemba alisema sehemu zote zimekauka, isipokuwa lile jicho.