Michezo ya Usiku ya Binti Zetu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu huifasiri kwa habari ya kuku anayechinjwa na chakula kizuri kinachopikwa kwa ajili ya mgeni. Katika makala haya tungependa kuielekeza kwa wageni wa namna nyingine, yaani wasichana wa miaka 12 hadi 16 ambao siku za likizo huomba ruhusa waje walale usiku mmoja nyumbani kwa mwenzao, wacheze, wapige soga, na asubuhi warudi kwao na macho mazito ya usingizi. Desturi hii imeenea sasa katika miji ya Uganda. Baadhi ya wazazi huipokea kwa furaha na wengine kwa mashaka. Sisi tulio walimu wa Kiswahili tunaona kwamba ndani yake mna jambo linaloihusu kazi yetu, nalo lastahili kuzungumzwa.

Nyumbani kwetu, mjini Masaka, tumekuwa tukiwapokea wageni hao usiku mmoja wa kila likizo. Idadi yao haizidi 10, kwa sababu mikeka na mablanketi yana kikomo. Masharti ni machache. Kila mzazi hupashwa habari na sisi wenyewe, si kwa kinywa cha mtoto. Simu zote hutiwa katika kapu moja na kuwekwa juu ya kabati mpaka asubuhi. Na tangu jua linapotua mpaka taa inapozimwa, michezo yote huchezwa kwa Kiswahili. Anayekwama huruhusiwa kuuliza neno kwa Kiganda au kwa Kiingereza, naye hupewa, mchezo ukaendelea. Hakuna anayesimangwa kwa kukosea upatanisho wa maneno, ingawa kucheka kwenyewe hakukomi.

Huenda wenzetu wa Tanzania na Kenya wakashangaa kwamba jambo hili lahitaji masharti. Kwao watoto wengi hukutana na Kiswahili uani na barabarani kabla ya kukikuta shuleni. Hapa Uganda hali ni nyingine. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya Idi Amin mwaka 1973. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yakakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini amri yaweza kumweka mtoto mbele ya ubao, haiwezi kumtia hamu ya kusema. Wanafunzi wetu wengi hukijua Kiswahili kama somo lenye kengele mwanzo na kengele mwisho. Kengele ya pili ikilia, nacho hufungwa pamoja na daftari.

Basi tueleze jinsi jioni hiyo inavyopita, ili mwalimu apendaye aweze kujaribu.

Kabla ya giza kuingia, wasichana huwa uani wakicheza kwepena. Mchezo huu haumhitaji mwalimu, kwa maana kila msichana wa Uganda anaujua. Wawili husimama, mmoja huku na mmoja kule, wakirushiana mpira uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba au kwa matambara, na aliye katikati hujitahidi usimguse. Jina lenyewe la mchezo ni somo, kwa kuwa Mswahili naye husema kukwepa. Kisha huwaambia kwamba mchezo wa jamaa hiyohiyo huitwa rede huko Tanzania na kati huko Kenya. Hapo huanza kuhesabu mitupo kwa Kiswahili, na kubishana kwa Kiswahili pia, kwani hakuna mchezo wa mpira usio na ubishi. Maneno kama “umeguswa”, “sikuguswa”, “mmedanganya” na “turudie” hutoka vinywani mwao yakiwa na viambishi vyake vyote mahali pake. Darasani tungehitaji juma zima kuyafikia.

Baada ya kuoga na kula, hukaa mkekani kwa vitendawili. Mtegaji husema, “Kitendawili!” nao hujibu, “Tega!” Tunaanza na vile vyepesi: nyumba yangu haina mlango, yaani yai, kuku wangu katagia miibani, yaani nanasi. Taa ikizimika kwa sababu ya umeme kukatika, kuna kile kinachosema huku ng’o na huko ng’o, nacho jibu lake ni giza lenyewe lililowazunguka. Lakini utamu wa mchezo haumo katika kupata jibu. Umo katika kulikosa. Walioshindwa hudaiwa mji, na mtegaji akiupokea hudai kuwa amesafiri hadi mji huo, akasimulia alivyopokewa, alichokula na alichokiona, kabla ya kutoa jibu.

Mwanzoni wasichana wetu walikuwa wakitoa miji wanayoijua: Mbarara, Jinja, Gulu. Mtegaji akifika Jinja alikula samaki, akifika Mbarara alikunywa maziwa. Siku hizi wameonja raha ya kutoa miji wasiyoijua, nao hutafuta majina katika ramani kabla ya kuja. Mmoja alitoa Lamu, na mtegaji ambaye hajapata kuona bahari ikambidi asafiri huko kwa maneno tu. Alitembea katika vichochoro, akapanda punda, akanunua halua, akatuuliza kama ni kweli kwamba maji ya bahari hayanyweki. Tukamjibu kuwa ni kweli. Akaendelea, “Basi nikaona kiu, nikarudi Masaka, na jibu ni mwiko.” Hatudhani kuna insha ya darasani iliyowahi kutupa furaha kama hiyo.

Mchezo wa tatu ni wa kutatiza ulimi. Mwalimu yeyote aliyefundisha Kiswahili miongoni mwa Baganda ajua taabu ya l na r. Katika maandishi ya Kiganda, r hufuata irabu e na i, na kwingineko kote huandikwa l. Mwenye lugha hiyo hana sababu ya kuzitenga sauti hizo mbili kama Mswahili azitengavyo. Kumsahihisha msichana mbele ya wenzake 60 ni kumfunga mdomo. Lakini akiwa mkekani, amejifunika blanketi, huambiwa aseme mara tatu bila kupumua: “Lori la Rehema lililala Lira, likarudi Rakai alfajiri.” Sentensi hiyo waliitunga wao wenyewe, nayo imewafanyia kazi ambayo sisi tulishindwa kuifanya kwa chaki. Anayejikwaa huanza upya, anayefaulu humchagua wa kumfuata, na baada ya robo saa hakuna anayekumbuka kwamba lilikuwapo kosa la kuonea haya.

Usiku ukikomaa hufuata hadithi ya mviringo. Mmoja huita, “Paukwa!” wengine huitika, “Pakawa!” kisha kila mmoja huongeza tukio moja na kumwachia jirani yake. Sharti ni kwamba anayesema “halafu” anatoka. Kwa hiyo hulazimika kukitegemea kiambishi -ka-: Sungura akaamka, akanawa uso, akaenda sokoni, akamkuta Fisi anapima unga. Mtoto aliyezoea kufunga kila sentensi kwa “halafu” hugundua kwamba Kiswahili kinayo kamba yake ya kuunganishia mambo. Na kwa kuwa hadithi hupita mikononi mwa watu 10, Sungura hawi salama. Huolewa, hufungwa, huteuliwa kuwa mwalimu mkuu, huota mbawa.

Wapo wasiopenda kelele, na hao wasilazimishwe. Kwao kuna ubao wa mweso, wenye mashimo 32 na kete 64, ambao ni ndugu wa karibu wa bao la Waswahili, lenye mashimo na kete za idadi hiyohiyo. Bao tumelizoea kuliona likizungukwa na wanaume kibarazani, lakini kete hazimjui mwanamume wala mwanamke. Kuna pia vijiwe vya kurusha na kudaka, mchezo ambao wasichana wa Tanzania huuita mdako. Zaidi ya hayo kuna soga. Shule nyingi za huku huwataka wasichana wanyoe nywele, basi ile kazi ya kusukana, ambayo kwingineko ndiyo huzaa mazungumzo, hapa haipo. Badala yake hupakana hina viganjani, na maneno hutiririka vilevile. Lugha wanayoitumia saa hiyo hatuichungulii.

Hapa yatupasa kujibu hoja ambayo baadhi ya walimu wenzetu wameitoa kwa nia njema. Wanasema kwamba, ikiwa michezo hii yafundisha kiasi hicho, basi iandaliwe fomu, kila msichana apewe alama za matamshi, msamiati na ufasaha, na alama hizo zijumlishwe na za darasani. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto anayecheza hukubali kushindwa kwa sababu kushindwa huko hakumgharimu kitu. Akishindwa kitendawili anatoa mji. Akishindwa mtihani anatoa zaidi ya hapo, naye anajua. Siku tutakapokaa pembeni ya mkeka na kalamu nyekundu, wale hodari watasema na wale waoga watanyamaza, kama ilivyo darasani, nasi tutakuwa tumepoteza saa pekee ambamo waoga walikuwa wakisema.

Tena woga huo si wa mtoto peke yake. Nyumbani kwetu anaishi mama mkwe wetu, ambaye watoto wote humwita Jaja. Mwaka 1979, vita vilipopita Masaka na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa, yeye alikuwa mama kijana mwenye watoto wachanga. Majeshi yote mawili yaliyopigana yalizungumza Kiswahili. Na miaka kadhaa kabla ya vita, na baadaye pia, watu wenye bunduki walipobisha hodi usiku, maneno yao yalikuwa ya lugha hiyo: fungua, toka, lete. Jaja hana Kiswahili kingine. Kazi yetu hakuwahi kuilaumu, lakini usiku wa wageni alikuwa akila mapema, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Likizo moja wasichana walikuwa wameishiwa vitendawili, wakakaa kimya wakifikiri. Kutoka nyuma ya mlango ikasikika sauti ya Jaja: “Koyi koyi!” Ndivyo Baganda wanavyotega. Wasichana wakaruka kwa furaha na kuitika, “Lya!” Akatega kwa Kiganda habari za mke wake ambaye kila aendako huko huzaa. Walikikosa. Wakampa Kampala, akaikataa. Wakampa Entebbe, akaikataa. Wakampa Mombasa, akaikubali, ingawa hakusema alikula nini huko. Jibu lilikuwa boga, ambalo mche wake hutambaa na kuzaa kila unapofika. Kisha akauliza, bado mlango umefungwa, “Na hicho Kiswahili chenu hulitajaje?” Wakamjibu, “Boga, Jaja.” Akalirudia neno hilo mara mbili, polepole, kama anayejaribu kiatu.

Hatudai kwamba kitendawili kimoja chaweza kuyafuta yaliyompata. Jaja hajajifunza Kiswahili, wala hatujamwomba ajifunze. Tunachoweza kusema ni kwamba tangu usiku huo huacha mlango wake wazi kidogo michezo inapochezwa. Aidha, tumefahamu kwamba wengi wa wanafunzi wetu hutoka katika nyumba zenye Jaja wa namna hii, na kwamba msichana anayefumba mdomo tunapomwita asome huenda ameurithi ukimya huo pamoja na jina lake. Mwalimu asiyelijua hilo atamwandikia mtoto huyo kuwa ni mvivu.

Kwa mwenye kutaka kujaribu, ushauri wetu ni huu. Aanze na wageni wachache. Awatangulize wazazi kwa kila jambo, na awepo mwanamke mzima ndani ya nyumba usiku kucha. Michezo isizidi minne, kwani usiku una haki yake ya usingizi. Vyakula visiwe vya anasa: chapati, chai na karanga zatosha, na mzazi asiye na uwezo asione haya kumleta mwanawe mikono mitupu. Mwalimu acheze kitendawili kimoja au viwili, ashindwe angalau kimoja, kisha aondoke. Asubuhi asiulize wamejifunza nini.

Mwisho, tunatoa ombi kwa wasomaji wa jarida hili walio nchi za jirani. Wenzetu wa Rwanda hufungua vitendawili kwa “Sakwe sakwe!” na kuitikiwa “Soma!”, wa Burundi wanao mwito wao, na wa mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa wengi, bila shaka wanayo michezo ya wasichana ambayo haijatufikia. Watuandikie namna inavyochezwa, kanuni zake, na adhabu anayopewa mwenye kushindwa. Wageni wetu wa likizo ijayo wameshaanza kuulizia miji mipya.