La Vie est belle: sinema ya enzi ya Zaire ambayo bado inachekesha

Masisi – Walikale. Vijana wengi wanamjua Papa Wemba kwa nyimbo zake tu. Lakini mwaka 1987 alicheza pia sinema ya kuchekesha, La Vie est belle, iliyotengenezwa Kinshasa na Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Baadaye ilitoka kwenye DVD. Haifiki saa moja na nusu, kwa hiyo betri ya sola inaweza kuimaliza.

Kourou, mwanamuziki kutoka kijijini, anafika Kinshasa mikono mitupu. Anapata kazi ya boyi kwa tajiri mwenye klabu ya muziki. Anampenda msichana Kabibi, kumbe patron naye anamtaka huyo huyo awe mke wa pili, maana mganga amemwambia kwamba hiyo ndiyo dawa ya udhaifu wake. Wazazi wajue mapema: watoto watauliza maswali.

Sinema inatuonyesha Kinshasa ya wakati wa Mobutu, na Pépé Kallé anaonekana ndani yake akiwa hai na mwenye nguvu. Muziki peke yake unatosha kuwakusanya watu.

Kasoro yake kubwa ni lugha. Wanaongea Kifaransa, na mama mzee aliyetoka Nyabiondo au Kashebere atabaki kuangalia midomo ikicheza. Inafaa kijana mmoja akae karibu na televisheni, aeleze kwa Kiswahili, kama wanavyofanya watafsiri wa sinema Kenya.

Kourou alihama kwa hiari, akifuata ndoto. Aliyekimbia Masisi usiku na watoto mgongoni hakuchagua. Hata hivyo, baba aliyekuwa na shamba lake na leo anabeba mizigo ya wengine, au mama anayefua nguo za watu ili wanawe wale, atamtambua upesi boyi huyu. Na hapa ndipo sinema ina heshima: anayechekwa si boyi, ni patron, pamoja na pesa zake na mganga wake. Kourou anatumwa huku na huku, lakini hasahau kwamba yeye ni mwimbaji.

Papa Wemba alifariki Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Ukiipata sinema hii, itazame pamoja na majirani. Ni vizuri watoto wamwone mtu wa kazi ndogo ambaye hakuwa mtu mdogo.