Karanga za Ijumaa

Ofisi yetu ya ustawi wa jamii, pale wilayani, haikuwa na chumba cha watoto. Ilikuwa na meza yangu, kabati la mafaili lisilofungika, na benchi barazani, chini ya dirisha. Mahakama ikishaamua mtoto akae na nani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi mwingine kuomba amri ya kumwona. Hakimu akiwa na wasiwasi, au wazazi wakiwa hawawezi kukutana bila kutukanana, anaagiza mtoto aonwe ustawi, afisa akiwepo. Afisa ndiye mimi.

Fundi seremala mmoja alikuja kila Ijumaa saa tisa, na karanga zake zimefungwa kwenye gazeti. Binti yake alikuwa na miaka mitano. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kuwa heri ya mtoto wa chini ya miaka saba iko kwa mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo alikaa kwa mama. Karanga hakuzigusa. Mikono mapajani, ndiyo, hapana, basi. Ijumaa ya tatu nikaandika kwenye taarifa: mtoto hana ukaribu na baba. Sentensi fupi, yenye sauti ya kitaalamu. Niliipenda, nikaipeleka mahakamani.

Ijumaa iliyofuata kalamu iliniponyoka kabla hawajafika. Nikaketi kwenye kiti cha mtoto ili niiokote, nikainua kichwa: dirisha lote lilikuwa benchi. Mama alikaa pale kila juma, uso ndani. Mwezi mzima nilikuwa nimeligeuzia dirisha mgongo.

Alipokuja nikamwambia, "Dada yangu, kuna mama ntilie hapo ng'ambo. Kanywe chai, nitakuita."

"Akilia?"

"Nitakuita."

Mtoto alimsindikiza kwa macho mpaka akavuka barabara. Akachukua karanga moja. Ya pili. Kisha, bila kumtazama baba yake:

"Paka wetu bado yupo?"

"Yupo. Kazaa."

"Wangapi?"

Baba akapanga karanga nne juu ya meza yangu, akaiondoa moja, akairudisha.

Jumatatu niliandika taarifa nyingine, ndefu, isiyopendeza, ya kueleza kwa nini ya kwanza isitegemewe. Hakimu aliniuliza maswali ambayo nilistahili. Benchi tulilihamishia nyuma, mimi na mlinzi, karibu na choo. Akina mama walilalamika harufu, na walikuwa na haki.