Antena Zilizotazama Pemba

Tulipokuwa wadogo, antena za Ngamiani, Tanga, zilitazama baharini. Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na picha za rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Pemba iko ng'ambo tu. Kwa hiyo aliyejaliwa TV ya chogo alifunga antena kwenye mwanzi uliopita minazi ya jirani, akashusha ule waya bapa wa kahawia hadi dirishani, na baada ya magharibi ua wake ulijaa, watoto mbele chini, mama zetu nyuma kwenye mikeka na vigoda, wakisubiri taarab. Wengine waligeuza antena kaskazini, wakaivizia Mombasa.

Sasa kila nyumba ina yake, na mlango umefungwa.

Picha ilikuwa na chenga. Tuliuona mpira kwa kufuata macho ya wachezaji, kwa sababu mpira wenyewe ulizama kwenye mvua ile nyeupe, na kijana mmoja alisimama nje ameushika mwanzi huku ndani wakimpigia kelele: "Hapo hapo! Ah, umepitiliza, rudisha kidogo!" Upepo wa chumvi uliyapaka maungio ya antena unga mweupe, na kila baada ya miezi kadhaa fundi alikuja na msasa kuyasugua mpaka bati liwake. Zile jioni za kaskazi, joto kali na upepo umelala, picha ilitulia ghafla hata ukahesabu shanga shingoni mwa mwimbaji, maana hewa ya joto ikitanda juu ya bahari huyapinda mawimbi ya matangazo yakafika mbali kuliko kawaida yake.

Siku hizi mtoto hatumwi kushika mwanzi. Anatumwa rimoti.

Kioo chenyewe hakikuwa na kosa, na hilo nimelielewa ukubwani. Matangazo yale yalikuwa na mistari 625, ambayo 576 ndiyo iliyobeba picha. TV ya inchi 14 ina kimo cha picha cha sentimita 21 hivi, kwa hiyo kila sentimita ilipata mistari 27. Ilikuwa picha iliyoshikana. Walipokuja wenye inchi 21, kisha 29, mtaa ukawasifu, lakini mistari ilibaki ile ile 576, na kila sentimita ikapata 18, halafu 13. Unga wa chapati moja ukiusukuma upana wa sinia, utauona mkono upande wa pili. Sisi tulisema TV kubwa "haishiki vizuri," tukamlaumu fundi.

Tarehe 31 Januari 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Tanga, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam. Watu walinung'unika, kwa haki, kwa sababu king'amuzi kilitaka fedha ambazo wengi hawakuwa nazo, na zipo nyumba ambazo TV ilikaa wiki nyingi imefunikwa kitambaa. Chenga zikaisha. Picha ya dijitali ama ipo ama inaganda.

Juzijuzi, Chumbageni, ndugu walikusanyika kuangalia kanda ya harusi ya miaka ya tisini iliyonakiliwa kwenye flashi. TV ni ya inchi 55, pikseli 1920 kwa 1080, nzuri kabisa. Lakini mistari 576 iliyotandazwa kwenye kimo cha sentimita 68 ni mistari 8 tu kwa sentimita, na kanda ya VHS, kwa upana, huhifadhi karibu nusu tu ya undani wa matangazo ya zamani. Bi harusi alikuwa ukungu wenye kilemba. Shangazi alivumilia kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nisogezee kiti nyuma." Nikakisogeza hadi ukutani, mita nne na zaidi. "Sasa namwona dada," akasema, akanyamaza. Jicho la kawaida, kwa umbali ule, haliwezi tena kutenganisha mstari na mstari, na uso unajikusanya. Ndivyo tulivyokuwa tukiangalia zamani bila kujua: ua mzima ulikaa mbali na kioo kidogo.

Simu ya bei ya kawaida leo, inchi 6.5, ina pikseli zaidi ya 100 kwa kila sentimita. Pale diko la Deep Sea, mvuvi anayesubiri maji yajae anaona hadi nyasi za uwanja. Anaona peke yake, visikizio masikioni. Simwonei wivu, wala simlaumu. Mama mwenye mwanawe Muscat anamwona mjukuu akiota meno kwa simu hiyo hiyo, jambo ambalo mama zetu hawakulipata. Ila bando likilegea, ule uso unavunjika miraba, kioo kikiwa kile kile.

Kwa hiyo ukienda dukani, pima kwanza kutoka kochi hadi ukuta, na muulize muuzaji pikseli ngapi kabla ya inchi ngapi. Na kama kabatini kuna kanda ya harusi ya wazazi, ichukue mapema ikanakiliwe: unyevu wa pwani unaleta kuvu, na kuvu inaila kanda. Ukishaipata, waite ndugu, muiangalie kwenye kioo kidogo.