Elburgon na Hesabu ya Maji

Elburgon ni mji wa mbao. Anayeingia kutoka Nakuru hupokewa na harufu ya miti iliyopasuliwa, na baridi inayotulazimisha sisi watu wa pwani kuvaa makoti mchana. Umekaa ukingoni mwa msitu wa Mau, na mvua yake haina choyo. Tulikwenda huko kwa sababu ndugu zetu wanaokusudia kujenga shule yenye bweni la wasichana 120 katika bara kavu ya Tana River walipendezwa na majengo ya huko, wakatuomba tuyatazame kabla sadaka zenu, wasomaji wetu, hazijageuka mawe na saruji.

Majengo ni mazuri, kwa Elburgon. Kuta ni za mbao, dari iko chini, madirisha mapana yanatazama mashariki, kwani huko mtoto hulitafuta jua. Darasa hilohilo likihamishiwa Tana River litakuwa tanuri kabla ya adhuhuri, na kuta zitaliwa na mchwa.

Kielelezo kinachofaa kiko Laikipia, katika shule ya msingi ya Uaso Nyiro. Mwaka 2012 ilijengewa madarasa yaliyozunguka ua, na chini ya ua huo birika la takriban lita 150,000. Kila paa humimina maji humo. Hapo jengo ndilo kisima. Wazee wetu wa pwani, waliochimba mabirika misikitini, wangelielewa bila kuelezwa.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Darasa la mita 8 kwa 7, pakinyesha milimita 400 kwa mwaka, hupata lita 22,400. Madarasa sita, tukitoa sehemu ya tano inayopotea, hutupa zaidi ya lita 107,000. Wasichana 120 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, maji hayo yatakwisha kwa siku 45. Wakiyanywa tu, lita tatu kila mmoja, yatawafikisha karibu miezi kumi. Basi maji ya paa yawe ya kunywa, na ya kufulia yatafutwe kwingine. Maji ya udhu nayo yaelekezwe kwenye miarobaini. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita; mabomba yetu ya leo yana israfu kubwa.

Ama kivuli, kwetu kuna neema ambayo mafundi wengi hawaijui. Katika nchi za Ikweta, jengo hupata nafuu pale kuta zake ndefu zinapotazama kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la alasiri likaangukia ncha fupi tu. Na kibla chetu, kutoka pwani ya Kenya na bara yake, ni kaskazini. Ukumbi ukinyooshwa mashariki hadi magharibi, safu za sala hukaa sawa na chumba hubaki na ubaridi. Uongezwe upenu mpana wenye baraza, na kuta nene kama za nyumba za Lamu. Joto nalo lipewe njia ya kutokea juu. Kando ya Ziwa Turkana, Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga chuo kilichokamilika mwaka 2021, chenye minara mithili ya vichuguu vya mchwa: hewa ya moto hupanda na kutoka, na ya baridi huingia kwa matundu ya chini.

Ramani iliyo mbele ya kamati ina madarasa manane na tangi moja la lita 10,000. Kwa bweni lile, hayo ni maji ya siku nne, na siku ya tano wasichana wataacha vitabu wabebe madumu. Rai yetu ni madarasa sita, na thamani ya mawili iingie ardhini iwe birika. Kamati inakutana baada ya sala ya Ijumaa, na akina mama waliochanga wanayo haki ya kuiona ramani hiyo kabla haijatiwa saini.